Ili Iwe Funzo kwa Wengine

Msomaji, nenda nami kwa fikira mpaka Tseikuru, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kitui, mbele ya Mwingi na Kyuso, katika nchi kavu ishukayo kuelekea Mto Tana. Mali ya mtu huko ni mbuzi na ng'ombe, na adui wa mali hiyo ni fisi. Jioni mifugo ikirejea, mwenye boma ana njia mbili za kuilinda. Ya kwanza ni kuziba lango kwa matawi ya miiba yaliyosongamana, hata fisi akitaka kuingia asiweze. Ya pili ni kuwasha moto mbele ya lango, fisi auone kutoka mbali, aogope, ageuke. Miiba humnyima fisi uwezo. Moto humnyima nia. Fisi aliyezuiwa na miiba angali anataka kuingia, ila hawezi. Fisi aliyezuiwa na moto pengine angeweza kuingia, ila hathubutu.

Waingereza wana kitenzi kimoja, deter, ambacho kazi yake ni kueleza tendo la moto wala si tendo la miiba. Asili yake ni Kilatini, deterrere, maana yake kumtisha mtu hata akaepuka jambo. Ndani yake limo shina lile lile lililozaa neno la Kiingereza la kitisho kikuu, terror. Mwanafunzi akumbuke mambo matatu juu ya matumizi yake. Kwanza, kitenzi hiki hutaka mtendwa, yaani mtu anayetishwa, na baada ya mtendwa hufuata neno from na tendo linaloepukwa. Pili, kikiongezwa mwisho wa wakati uliopita, herufi r huandikwa mara mbili. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakitumiki kwa mtu aliyefungwa mikono. Mwizi aliye ndani ya jela hazuiwi kwa maana hii. Kuta zimemzuia, kama miiba ilivyomzuia fisi. Anayezuiwa kwa maana hii ni yule aliye nje, mwenye mikono miwili huru na mlango wazi mbele yake, ambaye amepima faida na hasara akaona afadhali apite.

Je, Kiswahili chetu kinasemaje? Tunalo neno kuzuia, lakini hilo ni pana mno. Linafaa kwa miiba na moto sawasawa. Tunayo kuonya, kukanya na kutisha, ambayo hueleza juhudi ya msemaji bila kutuambia kama msikilizaji ameshika au ameziba masikio. Tunalo pia kukomesha. Mama humwambia mtoto, "Ukome!" naye mtoto akisha kuchapwa hulia, "Nimekoma!" Lakini akomaye ni yule yule aliyechapwa. Ndugu zake waliokuwa wakichungulia dirishani wakaingiwa na hofu hatuwezi kusema wamekoma, maana hawakuwa wameanza.

Kwa hao wachunguliaji, wahenga walitunga methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wembe ukipita juu ya kichwa kikavu huumiza. Mwenye akili, aonapo mwenzake anavyokunja uso, hulowesha nywele zake kabla zamu yake haijafika. Wembe haujamgusa, naye amekwisha kujifunza. Tazama hapo tofauti ya lugha hizi mbili. Kitenzi cha Kiingereza humtazama mwenye wembe. Humpa yeye sifa ya kutisha. Methali yetu humtazama mtazamaji. Humpa yeye sifa ya kufikiri. Hakimu asemapo mahakamani kwamba amempa mshtakiwa adhabu kali ili iwe funzo kwa wengine, anazungumza juu ya mwenye wembe. Lakini funzo, kama kila mwalimu ajuavyo, halimalizwi na anayelitoa. Humalizwa na anayelipokea, na huyo anaweza kujifunza jambo jingine kabisa.

Hili silo wazo la vitabuni tu. Limejaribiwa mara nyingi katika nchi ya Wakamba, naomba tuyatazame baadhi ya majaribio hayo kwa utaratibu wa miaka.

Kabla ya serikali ya kigeni, Wakamba hawakuwa na jela wala polisi. Wazee walikuwa na mambo mawili ya kuwatia watu hofu. La kwanza ni kithitu, kitu cha kiapo kilichoogopwa kuliko mkuki. Watu wawili walipogombana juu ya ng'ombe au shamba, na ushahidi ukashindwa kukata shauri, mmoja aliweza kutakiwa aape kwa kithitu. Iliaminiwa kwamba aapaye uongo atakufa, tena si peke yake. Mauti yangewafuata jamaa zake mmoja baada ya mwingine. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala huko Kitui na kuandika historia ya wilaya hiyo mwaka 1913, na Gerhard Lindblom, msomi wa Kiswidi ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1920, wote wawili walikieleza kiapo hiki na hofu iliyokizunguka.

Fikiri, msomaji, jinsi hofu hiyo ilivyofanya kazi. Mtu mwenye tamaa huenda akathubutu kuhatarisha roho yake kwa ajili ya ng'ombe. Lakini mama yake, kaka zake na wanawe hawakuwa tayari kuhatarisha roho zao. Usiku wa kuamkia kiapo wangemzunguka wamwambie, "Kama si wako, mrudishe." Kithitu hakikuhitaji askari, kwa sababu kila mtu wa nyumba alikuwa askari. Na aliyekiri kabla ya kuapa hakudhuriwa na kitu. Alirudisha mali, akalipa, akaendelea kuishi na jirani zake. Hofu ilikuwa imefanya kazi yake bila mtu kuguswa. Hata watawala wa kikoloni, waliodharau mengi katika desturi zetu, waliona nguvu ya kiapo hiki, wakakiruhusu kitumike katika mashauri fulani ya wenyeji.

Jambo la pili lilikuwa king'ole. Hili lilihusu mtu aliyesadikiwa kuwa hatari kwa watu wote: mwizi asiyesikia onyo, au mtu aliyedhaniwa kuwa mchawi. Wazee walikutana, wakalipima jambo, na jamaa wa karibu wa mtuhumiwa walitakiwa wakubali kabla hajauawa. Baada ya hapo umati ulimuua pamoja, ili pasiwe na mtu mmoja wa kudaiwa fidia ya damu. Sharti la ridhaa ya jamaa lilikuwa breki ya gari hili zito. Ndugu hawatoi ndugu yao kwa wepesi. Hapana shaka king'ole kiliwatisha wengi. Lakini hapa ndipo tunapolikuta swali gumu la insha hii. Mwizi aliyekamatwa na ng'ombe wa watu ana kosa lionekanalo. Mwanamke mzee aliyetuhumiwa uchawi kwa sababu mtoto wa jirani amekufa ana kosa gani lionekanalo? Na bado kifo chake kiliwatisha watazamaji sawasawa na kifo cha mwizi. Hofu haiulizi kama aliyeadhibiwa alikuwa na hatia. Moto huchoma vivyo hivyo, uwe umewashwa kwa haki au kwa dhuluma.

Serikali ya Kiingereza ilipokuja, ilipiga marufuku king'ole na kuleta njia zake yenyewe za kutisha. Mwaka 1909 ilitunga sheria ya kuadhibu watu kwa jumla: kosa likifanyika mahali, na mkosaji asipotolewa, wenyeji wote wangeweza kutozwa faini. Mwaka 1913 ilitunga sheria juu ya wizi wa mifugo, na faini yake ilikuwa mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa. Aliyeiba mbuzi mmoja alidaiwa thamani ya mbuzi 10. Kwa nje, faini ya jumla yafanana na kithitu, kwa kuwa yote mawili huwagusa wasiotenda. Lakini zipime tena. Kithitu kilikuwa chao wenyewe. Walikijua, walikiamini, na mlango wa kukiri ulikuwa wazi mpaka dakika ya mwisho. Faini ya jumla iliandikwa na watu wengine katika lugha nyingine, ikamwangukia mzee asiyejua hata jina la mwizi. Kithitu kiliwafanya watu wamkemee mwongo. Faini iliwafanya wamnung'unikie mtoza faini. Nao wizi wa mifugo haukuisha. Uliendelea muda wote wa ukoloni na baada yake.

Kisha ikaja kesi ya mwaka 1932. Mwanamke mmoja wa Ukambani aliyetuhumiwa uchawi alipigwa na umati mpaka akafa. Washtakiwa 70 walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya, nao hawakuficha walilolitenda. Walisema wamefuata desturi ya baba zao dhidi ya mchawi. Mahakama haikuweza kukubali kwamba imani ya uchawi ni ruhusa ya kuua. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa.

Simama hapo kidogo. Watu 60 kwa kosa moja! Kama ukali peke yake ungetosha kuwatisha watu, hapana hukumu ambayo ingetisha kuliko hiyo. Lakini ukubwa wake ndio uliokuwa udhaifu wake. Kuwaacha hivi hivi kungekuwa kusema kwamba damu ya yule mwanamke si kitu. Kuwanyonga wote kungekuwa msiba ambao serikali yenyewe haikuthubutu kuubeba. Habari hizo zilifika mpaka Uingereza na kuzua mabishano. Hatimaye hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo. Mtazamaji wa Ukambani alijifunza nini? Alijifunza kwamba kuua aliyetuhumiwa uchawi ni kosa mbele ya serikali, naam. Lakini alijifunza pia kwamba serikali yaweza kutamka neno kubwa kuliko uwezo wake wa kulitimiza. Kitisho kisichoweza kutekelezwa ni moto uliochorwa ukutani. Fisi huutazama mara moja, na mara ya pili hupita.

Miaka sita baadaye yalikuja majaribio makubwa zaidi, safari hii katika wilaya jirani ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumlisha pia nchi iitwayo leo Makueni. Serikali iliona udongo wa milima ya Machakos unamomonyoka, ikasema sababu ni wingi wa ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu: mifugo ilikusanywa, ikatiwa alama, ikauzwa mnadani kwa bei duni. Wakati ule ule kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Mkamba aliyeona ng'ombe wake wakiswagwa hakuhitaji elimu kubwa ili ashuku jambo.

Hapo alitokea Muindi Mbingu, kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai mwaka huo, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, waliondoka Machakos wakaenda Nairobi, wakapiga kambi huko, wakangoja kumwona Gavana Sir Robert Brooke-Popham. Hawakuvunja duka wala kumpiga mtu. Walikaa tu, wiki baada ya wiki, mbele ya macho ya mji mzima. Mwishowe gavana alikwenda Machakos mwenyewe kuzungumza na watu katika baraza. Kisha Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu, mbali na watu wake, katika kisiwa cha bahari ambako hapakuwa na ng'ombe wa Wakamba wala lugha ya Kikamba.

Kwa nini Lamu, na kwa nini yeye? Serikali haikuwa na haja ya kuwafunga maelfu. Ilitaka kumwondoa mmoja ili maelfu waogope. Hiyo ndiyo maana kamili ya kile kitenzi cha Kiingereza. Lakini tazama matokeo, kwa maana historia hupima maneno kwa matokeo. Serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na dalili za vita vya dunia zilikuwa zimekwisha kuonekana Ulaya. Watawala hawakutaka kuwa na askari ambaye moyo wake u katika boma la baba yake lililobomolewa. Basi ni nani aliyemtisha nani? Muindi alikwenda Lamu, akarudishwa baada ya vita. Lakini ng'ombe walibaki Machakos. Wembe ulimnyoa mmoja, watazamaji wakatia maji, na mwenye wembe naye akaogopa kuendelea. Leo jina lake limeandikwa katika barabara moja katikati ya Nairobi, mji ule ule watu wake walikopiga kambi. Mtu aliyeadhibiwa ili wengine waogope amekuwa mtu ambaye wengine wanatamani kumfuata.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Wakamba peke yao. Waingereza waliotutungia sheria kali walikuwa wamejaribu ukali kwao wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18, makosa zaidi ya 200 katika sheria zao yaliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, na watu walinyongwa hadharani ili umati uone na kuogopa. Umati ulikuja kweli, ukala, ukanywa, ukaimba, na katikati yake wezi wakachomoa vitu mifukoni mwa watu waliokuwa wakitazama wezi wenzao wakifa. Mwaka 1868 waliacha kunyonga hadharani. Karibu miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1764, Mtaliano aitwaye Cesare Beccaria alikuwa amekwisha kufundisha katika kitabu chake kwamba adhabu ndogo isiyokwepeka huzuia uovu kuliko adhabu ya kutisha ambayo mkosaji anatumaini kuiepuka. Mzee wa Kitui asiyejua kusoma angemwelewa mara moja. Kithitu kiliogopwa kwa sababu, kwa imani ya watu, hakikukosea mtu na hakikupokea rushwa.

Nasi katika Kenya huru tumeurithi mjadala huo. Adhabu ya kifo imo katika sheria zetu, lakini mara ya mwisho serikali kunyonga watu ilikuwa mwaka 1987, baada ya lile jaribio la kupindua serikali la mwaka 1982. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba si halali kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kupima hali ya kila kesi. Na mwongozo wa kutoa hukumu uliotolewa na Mahakama mwaka 2016 uliorodhesha kuwatisha wengine kuwa dhumuni moja tu miongoni mwa mengi: kuna pia kumlipiza mkosaji kwa haki, kumrekebisha, kumpatanisha na aliyemkosea, kuilinda jamii na kulaani ubaya. Kwa maneno mengine, hofu imepewa kiti barazani, lakini haikupewa uenyekiti.

Na iwe hivyo daima. Maana kuna hatari moja ndani ya maneno haya matamu, "ili iwe funzo kwa wengine." Anayeyasema huwa ameuelekeza uso wake kwa umati, akampa kisogo mtu aliyesimama mbele yake. Mtu huyo amegeuzwa kuwa ubao wa kuandikia somo la wenzake. Kama kweli ametenda kosa, na adhabu yake yalingana na kosa lake, basi hapana ubaya wengine wakijifunza kwake. Ni faida iliyoongezeka juu ya haki. Lakini adhabu ikizidishwa kwa ajili ya watazamaji, ile ziada hailipi kosa lolote. Na kama hana hatia kabisa, hofu itaenea vile vile, ila funzo litakuwa jingine: watazamaji watajifunza kwamba usalama haupatikani kwa kutenda mema, bali kwa kutoonekana.

Wewe usomaye insha hii huenda kesho utakuwa kiranja, mwalimu, chifu, mzazi au hakimu. Siku moja mtu atakuja mbele yako, na wenzake watakuwa nje wakichungulia dirishani. Utashawishika kufikiri juu ya wale walio nje. Fikiri kwanza juu ya huyu aliye ndani. Uliza: Ametenda? Nimejuaje? Adhabu hii ni yake, au nimemwongezea sehemu ya wengine? Je, neno ninalolitamka naweza kulitimiza? Ukijibu hayo kwa uaminifu, walio dirishani watajifunza bila wewe kuwasomea.

Yule mwenye boma wa Tseikuru hafanyi zaidi ya hayo. Huwasha moto wake mahali panapostahili, mbele ya lango, kila usiku bila kukosa, nao huwa wa kadiri. Angeuwasha mkubwa kupita kiasi ili awatishe fisi wote wa bonde la Tana, ungeshika miiba ya boma, na asubuhi asingekuwa na mbuzi wa kulinda.